Asiyejua Maana Haambiwi Maana? Tuwafundishe Vijana Kufasiri Kabla ya Kuhesabu



Katika makala zilizotangulia tumejadili katiba, haki za mtoto na wajibu wa mlipa kodi. Leo naomba tujadili swali ambalo kwa kweli lilipaswa kutangulia hayo yote: tunayajuaje yale tunayodai kuyajua kuhusu jamii yetu? Nitaanza na kosa nililolitenda mimi mwenyewe. Mwalimu anayewataka wanafunzi wasahihishe makosa yao hana budi kulifunua daftari lake kwanza.

Tarehe 10 Julai 2018 wananchi wa Uganda waliwachagua wenyeviti wa vijiji, yaani wa baraza lile ambalo sote tunaliita LC1. Uchaguzi wa namna hiyo ulikuwa haujafanyika tangu mwaka 2001. Siku hiyo hapakuwa na karatasi za kura wala masanduku. Wapiga kura walipanga mistari nyuma ya wagombea wao, na msimamizi akahesabu watu mmoja mmoja. Wakati huo nilikuwa mwalimu mgeni katika shule moja ya sekondari katikati ya nchi, na nilikuwa mlezi wa klabu ya uraia. Nikaona fursa njema ya kuwafundisha vijana utafiti. Niliandaa dodoso fupi lenye swali kuu moja: "Je, uchaguzi wa kijiji chenu ulikuwa huru na wa haki?" Chini yake niliweka visanduku vitatu: Ndiyo, Hapana, Sijui. Wanafunzi wakaenda nalo nyumbani mwisho wa juma.

Walirudi na karatasi zimejaa. Tulikuwa tukizijumlisha darasani, binti mmoja wa darasa la tatu la sekondari aliponijia na karatasi iliyoandikwa hadi pembezoni. Alikuwa amemhoji jjajja wake, yaani nyanya yake mzaa mama. Bibi huyo alikuwa amesema hivi: "Ulikuwa huru. Hakuna aliyenisukuma. Nilisimama nyuma ya mwenye duka kwa kuwa alinikopesha sukari na mchele tulipomzika babu yako, na deni sijalimaliza. Mbele ya macho ya watu wote, ningesimama wapi pengine?"

"Mwalimu," binti akaniuliza, "niandike ndiyo au niandike hapana?"

Nilikuwa na haraka. Kengele ilikuwa karibu kulia. Nikamjibu, "Mwanangu, si amesema ulikuwa huru? Andika ndiyo, tuendelee."

Tuliendelea. Tulichora chati juu ya karatasi ya manila, na mhimili wa Ndiyo ukapanda juu kuliko yote. Tuliibandika ukutani. Siku ya wazazi ilipofika, bibi yule akaja na mjukuu wake akamwonyesha kazi ya darasa. "Mimi niko wapi hapa?" akauliza. Mjukuu akauelekeza kidole mhimili mrefu wa rangi ya buluu. Bibi akautazama kitambo, kisha akacheka na kusema: "Mwalimu, nilisema mengi. Mbona hapa nimekuwa rangi tu?"

Hakukasirika. Lakini maneno yake yamekaa nami kuliko cheti changu cha ualimu. Tangu siku ile nimekuwa na msimamo ambao leo nauweka mbele yenu: tunapowafundisha vijana kuichunguza jamii yao, tunawafundisha kuhesabu majibu kabla ya kuwafundisha kuelewa maana ya majibu hayo. Mpangilio huo ni kinyume, na unawadhulumu wale tunaowauliza.

Kope iliyopepesa na jicho lililokonyeza

Wataalamu wa sayansi ya siasa na jamii wanayo njia ya uchunguzi inayoanza na maana. Tunaweza kuiita utafiti wa kifasiri. Msingi wake ni kwamba binadamu hatendi tu kama jiwe linavyoporomoka mlimani. Binadamu hutenda akiwa na nia, akiwa na maneno ya kukieleza kitendo chake, na akiwa miongoni mwa watu wanaokisoma kitendo hicho. Mwanasosholojia wa Ujerumani Max Weber, aliyefariki mwaka 1920, aliieleza sosholojia kuwa taaluma inayokusudia kukielewa kitendo cha kijamii kwa kukifasiri, na kwa njia hiyo kueleza sababu za mwenendo wake na matokeo yake. Tazameni vema: Weber hakuitupa sababu. Alisema tu kwamba njia ya kuifikia sababu hupitia katika maana.

Mfano unaojulikana sana katika uwanja huu ulibuniwa na mwanafalsafa Gilbert Ryle, na mwanaanthropolojia Clifford Geertz akauchukua katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu ufasiri wa tamaduni. Wavulana wawili wanafumba na kufumbua jicho la kulia. Wa kwanza kope zimempepesa tu bila hiari yake. Wa pili anamkonyeza rafiki yake ili wafanye njama. Ukiwapiga picha, huoni tofauti yoyote. Ukihesabu, utaandika: macho mawili yamefumba. Hata hivyo, mmoja hakufanya jambo lolote, na mwingine ametuma ujumbe wa siri. Sasa aje mvulana wa tatu anayemwigiza yule wa pili ili kumdhihaki. Jicho lake nalo limefumba vilevile, lakini kitendo chake si kupepesa wala si kukonyeza, ni kejeli. Geertz aliiita kazi ya kutenganisha matabaka hayo "maelezo mazito," kinyume cha maelezo mepesi yanayoripoti kope peke yake.

Dodoso langu lilikuwa maelezo mepesi. Lilihesabu kope.

Nalo lilikuwa na kasoro nyingine niliyoigundua baadaye, nilipozipitia karatasi zile upya kwa aibu. Mvulana mmoja, alipolitafsiri neno "huru" kwa Kiganda, alitumia neno *bwereere*, ambalo maana yake ni bure, yaani bila malipo. Mzee aliyeulizwa alijibu kwa ukali kwamba uchaguzi haukuwa wa bure hata kidogo, maana ulimpotezea siku nzima ya kuvuna maharagwe. Mvulana akaweka alama katika kisanduku cha Hapana. Basi katika chati yetu mtu aliyefungwa na deni alihesabiwa miongoni mwa walio huru, na mtu aliyelalamikia maharagwe yake akahesabiwa miongoni mwa walionyimwa uhuru. Hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Nilijumlisha mara mbili.

Neno moja, nchi tatu

Huenda mkasema hilo ni kosa la tafsiri tu, na mwalimu mwangalifu angeliepuka. Ni kweli kwa kiasi. Lakini kuna maneno ambayo hata tafsiri sahihi haiyamalizi.

Mwanasayansi ya siasa Frederic Schaffer alikwenda Senegali kuchunguza jinsi wasemaji wa Kiwolofu wanavyolitumia neno *demokaraasi*, lililotoholewa kutoka Kifaransa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1998. Sauti ya neno ni ileile ya Kifaransa, lakini Schaffer aliposikiliza jinsi watu wa kawaida wanavyolitumia, alikuta kwamba kwa wengi wao lilibeba maana za kukubaliana, kushikamana na kutendeana kwa usawa bila upendeleo. Kwa hiyo mtu angeweza kwenda kupiga kura asikusudie hasa kumchagua mtawala, bali kudumisha mshikamano na wale anaotegemeana nao kila siku. Angekuja mtu na dodoso akauliza, "Je, unaipenda demokrasia?" wote wawili, yeye na mjibuji, wangetamka neno moja, na kila mmoja angekuwa anazungumzia jambo lake.

Hapa kwetu Uganda, mwanaanthropolojia Mikael Karlström alifanya uchunguzi wa aina hiyo huko Buganda katika miaka ya 1990. Kwa Kiganda demokrasia huitwa *eddembe ery'obuntu*. *Eddembe* ni uhuru au amani ya mtu kutosumbuliwa. *Obuntu* ni utu. Karlström alionyesha kwamba watu aliozungumza nao waliielewa demokrasia zaidi kama uhuru wa mtu kusema na kusikilizwa na mwenye mamlaka, kuliko kama mashindano ya vyama. Nilipousoma utafiti huo nikamkumbuka bibi yangu wa chati. Angeulizwa kuhusu *eddembe*, na si kuhusu visanduku vitatu, pengine tungalisikia jambo la maana kuhusu kijiji chake.

Sasa tuvuke mpaka. Wakenya nao walipanga mistari. Mwaka 1988, chama cha KANU kikiwa chama pekee, uteuzi wa wagombea ulifanywa kwa wapiga kura kusimama nyuma ya mgombea au picha yake, na aliyetangazwa kupata asilimia 70 alihesabiwa kuwa ameshapita bila kupingwa. Wananchi wengi walilalamika kwamba waliokuwa na mistari mifupi walitangazwa washindi. Utaratibu huo haukudumu. Lakini uliacha alama katika lugha yetu ya Kiswahili: neno *mlolongo*, ambalo katika kamusi ni mfuatano tu wa vitu au watu, kwa Mkenya aliyeyashuhudia hayo lina kumbukumbu ya uchaguzi uliopokonywa mchana kweupe.

Kitendo cha mwili ni kilekile: kusimama katika mstari. Kwa Mkenya wa mwaka 1988 mstari ulikuwa ushahidi ambao macho yaliuona na tangazo likaukana. Kwa bibi wa kijijini mwaka 2018 mstari ulikuwa mahali ambapo deni lake lilionekana na jirani zake wote. Mtafiti atakayeandika "upigaji kura wa wazi" kwa yote mawili, kisha akayaweka katika safu moja ya jedwali, atakuwa amefunga macho mahali alipopaswa kuyafungua.

Hazina iliyo ndani ya maneno yetu

Nyinyi mnaojifunza Kiswahili mna faida ambayo watafiti wengi huitafuta kwa taabu: mnajifunza maneno mkiwa na umri wa kuyashangaa. Mzawa wa lugha husahau kushangaa.

Tulichukue neno *serikali*. Asili yake ni Kiajemi, *sarkar*, na halihusiani na siri wala ukali. Lakini mara ngapi mmesikia watu wakitania kwamba serikali ni "siri kali"? Mwanaisimu atasema hilo ni kosa la kihistoria, na atakuwa amesema kweli. Mtafiti wa kifasiri atauliza swali jingine: kwa nini utani huu unapendwa? Ni nani anausema, mbele ya nani, na wakati gani? Etimolojia potofu inaweza kuwa habari sahihi kuhusu hofu ya wananchi.

Au tulinganishe *raia* na *mwananchi*. Neno *raia* limetoka Kiarabu, ambako asili yake ni kundi linalochungwa, kisha watu walio chini ya mtawala. *Mwananchi* ni mtoto wa nchi. Kundi lina mchungaji. Mtoto ana haki ya urithi. Kwa matumizi ya leo maneno haya yanakaribiana, na mimi mwenyewe nafundisha "elimu ya uraia" bila kuwaza kondoo. Hata hivyo, msikilize kiongozi anapohutubia: lini anasema "raia," na lini anasema "wananchi"? Hilo ni zoezi la utafiti wa kifasiri ambalo mnaweza kulifanya leo jioni mkiwa na redio na kalamu, bila ruzuku yoyote.

Hata lugha yenyewe tunayojifunza ina maana isiyoandikwa katika kamusi. Ukimwuliza mzee wa Uganda, "Je, unakipenda Kiswahili?" naye akajibu hapana, usiharakishe kuandika kwamba haupendi ushirikiano wa Afrika Mashariki. Kiswahili hapa kwetu kilikuwa lugha ya jeshi na polisi tangu enzi za ukoloni, na wengi walikisikia vizuizini wakati wa utawala wa Idi Amin, kati ya mwaka 1971 na 1979, kikisemwa na watu wenye bunduki. Mzee huyo huenda haikatai lugha. Huenda anaikataa sauti iliyomwamrisha alale chini. Mimi ninayefundisha somo hili nisipoijua maana hiyo, nitamwona mzee kuwa adui wa somo langu, ilhali ni shahidi wa historia yangu.

Pingamizi zinazostahili jibu

Sitaki mdhani kwamba njia hii haina wapinzani, au kwamba wapinzani wake ni wajinga. Hoja zao ni nzito, na nitazitaja tatu.

Hoja ya kwanza: bibi mmoja si kijiji, na kijiji kimoja si nchi. Serikali inayopanga madarasa na zahanati inahitaji idadi. Nakubali kabisa. Mradi wa Afrobarometa, ulioanza mwaka 1999, umewawezesha Waafrika kujua maoni ya wenzao katika nchi nyingi kwa namna ambayo hadithi za vijiji peke yake zisingeweza. Tena Kenya ya mwaka 1988 inatufundisha kwamba hesabu ya kweli nayo ni haki ya mwananchi. Waliodhulumiwa siku ile walikuwa wakidai mstari uhesabiwe kama ulivyo. Siiombi shule iache kuhesabu. Naomba tujue kwanza tunahesabu nini. Idadi hutuambia ni wangapi waliosema ndiyo; haituambii ndiyo hiyo ni ya nini.

Hoja ya pili: mtafiti anaweza kumwekea mtu maneno mdomoni kisha akaiita kazi hiyo ufasiri. Hatari hii ipo, na dawa yake si moja. Mtafiti huandika nani alikuwepo, mazungumzo yalifanyika wapi, na yeye mwenyewe alionekanaje. Geertz alisimulia jinsi yeye na mke wake walivyofika katika kijiji kimoja huko Bali mwaka 1958, nao wanakijiji wakawapuuza kana kwamba hawapo. Siku moja polisi walivamia pigano la majogoo lililokatazwa, watu wote wakatimua mbio, na wageni hao nao wakakimbia pamoja nao badala ya kutoa vitambulisho. Tangu hapo wakakubaliwa. Kisa hicho kinachekesha, lakini kinatukumbusha kwamba anayeuliza naye husomwa. Wanafunzi wangu walikwenda kuuliza wakiwa wamevaa sare za shule, na dodoso lenye muhuri wa shule. Wangapi walisema ndiyo kwa sababu waliona muhuri?

Swali hilo si la mzaha. Lisa Wedeen, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu Siria ya Hafez al-Assad, alionyesha jinsi watu walivyoshiriki sherehe na kumsifu rais kwa maneno ambayo wao wenyewe hawakuyaamini, na watawala nao walijua hawaaminiwi. Kilichotakiwa hakikuwa imani. Kilitakiwa kitendo cha kujifanya kana kwamba mtu anaamini, kwa kuwa kujifanya huko kulimzoesha kila mmoja kutii. Anayehesabu waliojaa uwanjani ataandika kwamba rais anapendwa. Wedeen alisikiliza vichekesho, akatazama katuni na michezo ya kuigiza, akaikuta maana ambayo umati uliificha.

Hoja ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi. Wapo watakaosema: ikiwa kila jamii ina maana yake ya demokrasia, basi dikteta naye atadai kwamba watu wake wanaielewa kwa namna yao, na anayemlaumu ni mgeni asiyejua utamaduni. Hoja hii imekwisha kutumiwa na wakubwa wengi. Jibu langu ni kwamba kuelewa si kutetea. Nilipoandika "ndiyo" kwa niaba ya bibi yule, ndipo nilipomtetea mwenye duka bila kujua. Ningeyaandika maneno yake yote, deni lingeonekana, na swali la haki lingefunguka: mtu anaweza kuwa huru namna gani mbele ya mdai wake, ikiwa kura yake haina pazia?

Zaidi ya hayo, anayesikiliza kwa makini hugundua upesi kwamba hakuna jamii yenye maana moja. James Scott aliishi kati ya mwaka 1978 na 1980 katika kijiji cha wakulima wa mpunga katika jimbo la Kedah, Malaysia, alichokibandika jina la Sedaka. Mashine za kuvunia zilikuwa zimefika, na maskini walikuwa wamepoteza vibarua vya kuvuna. Matajiri waliwaita maskini wavivu. Maskini waliwaita matajiri mabahili. Mpunga ni uleule, mashine ni zilezile, na kila upande una masimulizi yake. Kitabu cha Scott kuhusu silaha za wanyonge, kilichotoka mwaka 1985, kinaonyesha kwamba ukimya wa maskini mbele ya tajiri haukuwa ridhaa. Kwa hiyo anayesimama jukwaani na kutangaza "watu wangu wanaelewa hivi" atakuwa na kazi ngumu mbele ya mtafiti anayeuliza: watu wepi, na wanasemaje wewe ukiwa umeondoka?

Tufanyeje darasani

Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza kutumika mwaka 2020 unawataka wanafunzi wafanye miradi. Hiyo ni nafasi nzuri, na naogopa tutaipoteza kwa kuchapisha visanduku. Napendekeza mambo manne, ambayo sasa nayatumia mwenyewe.

Kwanza, mwanafunzi aulize kwa lugha ya anayeulizwa, na aandike maneno yenyewe kabla ya kuyatafsiri. Neno *bwereere* likiandikwa pembeni mwa jibu, kosa lake linaonekana. Likimezwa na kisanduku, halionekani tena.

Pili, aombe mfano. Asiridhike na "ulikuwa huru." Aseme, "Nipe mfano wa uchaguzi usio huru, jjajja." Aulize pia kinyume cha neno, na neno jirani yake. Maana ya neno hukaa katika matumizi yake.

Tatu, ajiandike na yeye. Alivaa nini, alitumwa na nani, nani alikuwa akisikiliza uani? Mjukuu husikia jambo ambalo mwalimu haambiwi, na mwalimu husikia jambo ambalo mjukuu hathubutu kuliuliza.

Nne, arudi. Arudishe alichokiandika kwa aliyemwambia, amsomee, amwulize kama ndicho alichomaanisha. Hatua hii huchukua muda, na ratiba zetu hazina muda. Lakini heshima nayo ina gharama yake.

Baada ya hayo ahesabu, kama kuna cha kuhesabu. Atakuwa na haki ya kuhesabu.

Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Nimeifundisha methali hii miaka mingi kama sifa ya mtu mwerevu asiyehitaji kufafanuliwa. Siku hizi naisoma kwa tahadhari. Ni ua linalowazunguka wenyeji: wanaojua wanajua, na mgeni abaki nje. Kazi ya mtafiti, na kazi ya raia mwema, ni kubisha hodi kwenye ua hilo na kukiri bila aibu, "Sijui maana, tafadhali niambie." Anayekiri hivyo huambiwa.

Miezi michache baada ya siku ya wazazi nilimtembelea bibi yule nikiwa na mjukuu wake na daftari tupu. Tulikaa kivulini hadi jua likainama. Alinieleza habari za deni, za msiba, na za mwenye duka, ambaye kwa maelezo yake si mtu mbaya, ila "anajua kuhesabu." Nilimwuliza kama angependa nibadilishe chati. Akasema hapana, chati iache, ila siku nyingine nikimtuma mtoto, nimpe karatasi kubwa zaidi.

Msamiati

*Dodoso*: orodha ya maswali ya utafiti yaliyoandikwa, Kenya huitwa pia *hojaji*.
*Kufasiri*: kueleza au kutafuta maana ya neno, kitendo au jambo.
*Kukonyeza*: kufumba jicho moja kwa makusudi ili kutoa ishara.
*Ridhaa*: kukubali kwa hiari.
*Pingamizi*: hoja au jambo linalozuia au kukataa jingine.

Maswali ya kujadili

1. Mwandishi angemjibu nini binti alipouliza, "Niandike ndiyo au niandike hapana?" Andika jibu unaloona linafaa.
2. Chagua neno moja la siasa katika lugha yako ya mama. Waulize watu watatu wa rika tofauti walitumie katika mfano. Maana zao zinakutana wapi, na zinaachana wapi?
3. Je, unakubaliana na mwandishi kwamba kuelewa si kutetea? Toa hoja zako.